Pai ya mchungaji inayotoa maji: kosa liko wapi na dawa yake

Swali: Naishi Leicester, Uingereza. Nyumbani tuko saba: mimi na mume wangu, watoto wanne, na mama mkwe aliyekuja kututembelea kutoka Tanga. Watoto hula shepherd's pie shuleni, yaani pai ya mchungaji, nyama ya kusaga iliyofunikwa kwa viazi vya kuponda na kuokwa, na wananiomba niwapikie kwa chakula cha Jumapili. Nimejaribu mara tatu. Mara ya kwanza viazi vilizama kwenye nyama, mchuzi ukapanda juu na kumwagika ndani ya oveni. Mara ya pili nilisaga viazi kwa blenda, vikawa gundi. Mara ya tatu pai ilisimama vizuri, lakini nyama ilikuwa ya kijivu, haina ladha, na mafuta yake yakawa yanaganda mdomoni. Nyama nanunua kwenye bucha ya halali, kondoo wa kusaga. Naomba vipimo kamili. Je, naweza kuiandaa Jumamosi usiku nikaioka kesho yake? Na mama anauliza kama akirudi Tanga anaweza kuipika bila oveni.

Jibu: Dada, mambo hayo matatu yana mzizi mmoja, nao ni maji. Nyama mbichi ya kusaga ni maji kwa zaidi ya nusu ya uzito wake, na kiazi ni maji kwa zaidi ya robo tatu. Ukivipanga viwili hivyo katika chombo kimoja na kuvitia motoni bila kuvikausha kwanza, maji lazima yatafute pa kutokea: yatapanda juu, yatamwagika pembeni, au yatabaki ndani na kuifanya nyama iwe na ladha ya kuchemshwa. Hata gundi ya viazi ni maji yaliyonaswa na wanga uliopasuliwa na visu vya blenda. Kwa hiyo karibu kila hatua utakayoisoma hapa ina shabaha hiyohiyo: kuyatoa maji kwenye nyama kabla haijakutana na viazi, na kuyatoa kwenye viazi kabla havijakutana na maziwa.

Kuhusu jina, niseme kidogo tu kwa sababu mama huenda akauliza. Mchungaji anayetajwa hapa ni yule wa kondoo, wala si wa kanisa, na ndiyo maana pai yenye jina hili hutakiwa kuwa ya nyama ya kondoo. Ikiwa ya ng'ombe, Waingereza siku hizi huiita cottage pie, na hiyo ndiyo hasa ipikwayo zaidi katika shule nyingi, kwa hiyo watoto wako wakisema ladha ya kwako ni tofauti, usidhani umekosea. Zamani majina hayo mawili yalichanganywa bila mtu kujali. La cottage pie ndilo la zamani zaidi, limeandikwa tangu 1791. Chakula chenyewe kilikuwa njia ya kumalizia mabaki ya mguu wa kondoo uliochomwa Jumapili. Hilo lina faida kwako: ukiwa na mabaki ya namna hiyo unaweza kuyakatakata madogo na kuyatumia, ila usiyakaange tena. Nyama iliyokwisha kuiva hukakamaa ikikaangwa mara ya pili. Itie kwenye mchuzi uliokwisha kuwa mzito na uiache ipate moto dakika 15 tu.

Sasa chombo. Kwa watu saba tafuta bakuli la oveni lenye urefu wa sentimita 30, upana wa 20 na kina cha 7. Wengi hutumia chombo kifupi cha kina cha 4, wakakijaza mpaka ukingoni, na hapo kumwagika hakuepukiki hata kama mchuzi ni mzito. Baada ya kupanga kila kitu, ukingo uwe juu ya viazi kwa sentimita moja hivi. Na hata hivyo weka trei chini yake.

Kwa nyama utahitaji kilo 1 ya kondoo wa kusaga. Vitunguu maji 2 vikubwa. Karoti 3 za wastani. Mashina 2 ya seleri kama watoto wanaikubali. Punje 3 za kitunguu saumu. Vijiko 2 vya mezani vya nyanya nzito ya kopo. Gramu 25 za unga wa ngano, yaani kama vijiko 2 na nusu vya mezani vilivyosawazishwa. Nusu lita ya supu ya mifupa au ya kidonge. Vijiko 2 vya mezani vya sosi ya Worcestershire. Kijiko 1 cha chai cha thaimu kavu, na kitawi kimoja cha rozmeri ukikipata. Kwa viazi: kilo 1.6 kabla ya kumenya, gramu 100 za siagi, mililita 120 za maziwa, viini 2 vya mayai, chumvi, pilipili manga nyeupe, na kungumanga iliyokwaruzwa, kidogo sana.

Bucha ndiyo inayoamua nusu ya kazi, kwa hiyo usichukue tu nyama iliyokwisha kusagwa na kukaa kwenye sinia. Hiyo mara nyingi huchanganya mbavu na vipande vya tumbo, na hapo ndipo yalipotoka yale mafuta yaliyoganda mdomoni mwako. Mwombe muuza nyama akukatie bega la kondoo, aondoe mafuta mazito ya nje, kisha alisage mara moja tu kwa sahani yenye matundu makubwa. Bega lililosafishwa hivyo hubaki na mafuta ya kiasi, ambayo ndiyo unayoyataka, kwa sababu nyama isiyo na mafuta kabisa hutoka kavu kama mchanga. Ikisagwa mara mbili huwa laini mno na hugeuka uji ndani ya mchuzi.

Mafuta ya kondoo yana tabia yake: huyeyuka kwenye joto kubwa kuliko ya kuku, kwa hiyo yakipoa kidogo tu kwenye sahani au mdomoni huanza kuganda na kuacha utando kwenye kaakaa. Dawa yake ni mbili, uyamwage mengi baada ya kukaanga na pai iliwe ya moto. Hakuna kiungo kitakachoyaficha.

Haya, kukaanga. Hapa ndipo nyama yako ilipotoka ya kijivu. Kilo nzima ikitiwa kwenye kikaango kwa pamoja hushusha joto lake ghafla, maji ya nyama hutoka kwa wingi, nayo hayawezi kupita nyuzi 100 za Selsiasi hata ukiongeza moto. Rangi ya kahawia na ile harufu ya nyama choma huanza kutokea nyuzi 140 hivi na kuendelea. Maana yake, maadamu kuna maji chini ya kikaango, unachemsha, hukaangi. Chukua kikaango kipana, cha sentimita 28 au 30, kizito, ukipashe moto mkali kwa dakika 3, tia kijiko kimoja cha mafuta, kisha theluthi moja tu ya nyama. Itandaze kwa mwiko na uiache. Usiikoroge kwa dakika 3 au 4, ingawa mkono utakuwasha. Itakapokuwa imeshika rangi ya kahawia upande wa chini, igeuze, ivunjevunje, ipe dakika 2 nyingine, uiopoe kwenye chujio lililokaa juu ya bakuli. Rudia mara mbili. Huhitaji kuongeza mafuta, nyama ya kwanza itakuwa imeacha ya kutosha.

Sauti itakusaidia. Nyama inayokaangika hutoa mlio mkavu wa kupasuka. Inayochemka hutoa mlio wa povu. Ukisikia wa pili, umeweka nyingi mno, au moto ni mdogo.

Mafuta yatakayochuruzika chini ya chujio yamwage, usiyarudishe. Kwenye kikaango bakiza kama vijiko 2 vya mezani. Humo tia vitunguu vilivyokatwa vidogo, karoti za ukubwa wa njegere, seleri na chumvi kijiko kimoja cha chai kisichojaa, kwa moto wa wastani. Vipe dakika 10 kamili. Watu wengi huvipa dakika 3, na kitunguu kibichi kikiingia kwenye mchuzi kitatoa maji yake humo baadaye, pale usipoyataka. Unataka vitunguu vilivyolegea, vyenye rangi ya dhahabu pembeni. Wakati huohuo maji yanayotoka kwenye mboga yatalainisha ule ukoko wa kahawia ulioshika chini. Ukwangue wote kwa mwiko, kwa sababu utamu wa mchuzi umo humo. Kama una mtoto anayechagua karoti na kuziweka pembeni ya sahani, zikwaruze badala ya kuzikata. Zitayeyuka na hatazipata.

Kitunguu saumu kiingie dakika ya mwisho, kisha nyanya nzito. Nyanya hii ikaange dakika 2 mpaka ibadilike kutoka nyekundu ya kung'aa kuwa nyekundu ya matofali. Ikitiwa supu kabla ya hapo, ukali wake mbichi hubaki kwenye chakula chote. Rudisha nyama, nyunyiza unga juu yake, koroga dakika 2 ili unga uvae mafuta na kupoteza ubichi. Unga uliokwisha kuvaa mafuta hauvimbi madonge ukikutana na supu. Mimina supu ya moto kidogo kidogo huku ukikoroga, kisha sosi ya Worcestershire, thaimu na rozmeri.

Ikiwa supu yako ni ya kidonge au ya chenga za grevi, usiongeze chumvi sasa. Nusu lita itapungua karibu nusu yake, na chumvi haipungui pamoja nayo. Ladha inayoonekana sawa mwanzoni huwa kali mno mwishoni. Onja ukimaliza. Soma pia pakiti, maana baadhi ya vidonge na chenga hizo vina mafuta ya wanyama ambayo hujui yametoka wapi.

Kuhusu Worcestershire, mama atapenda kujua kwamba ndani yake kuna ukwaju, pamoja na siki, molasi na samaki wadogo waliochachishwa. Kwa hiyo ikikosekana, au mkiamua kuiacha kwa sababu yoyote, changanya kijiko kimoja cha mezani cha maji mazito ya ukwaju, kijiko kimoja cha sosi ya soya na sukari ya kubana kwa vidole viwili. Haitakuwa ileile, lakini kazi inafanyika: uchachu unaokata mafuta ya kondoo na uzito wa ladha chini yake. Mapishi mengi ya Kiingereza hutia divai nyekundu. Iache, na badala yake ongeza kiasi hichohicho cha supu. Uchachu tayari unao.

Na hapa niseme wazi, kwa sababu kishawishi ni kikubwa kwa mkono uliozoea bizari: usitie bizari nzima, iliki wala mdalasini. Ukivitia utakuwa umepika kima cha sambusa chini ya viazi, na ni chakula kizuri sana, ila watoto wako hawakuomba hicho. Pilipili na achari vikae mezani, kila mtu ajitilie.

Punguza moto, acha kikaango wazi bila mfuniko, mchuzi utokote taratibu kwa dakika 40. Koroga mara mojamoja. Kufunika ni kosa: mvuke unagonga mfuniko na kurudi ndani, nawe unataka uondoke. Utajuaje kama umefika? Pitisha mwiko katikati ya kikaango mpaka chini. Njia inayoachwa na mwiko ikae wazi sekunde 3 kabla nyama haijaifunika, na kinachorudi kiwe ni mchuzi mzito unaong'aa, kisiwe majimaji ya rangi ya chai. Kama yapo, ongeza dakika 10. Usikimbilie kuongeza unga, kwa sababu unga ulioingia mwishoni bila kuiva huacha ladha ya ugali mbichi. Ukiona mchuzi umekauka mno, vijiko viwili vya maji vinatosha.

Njegere naona bora zikae pembeni ya sahani. Ukipenda ziwe ndani, gramu 150 za friza zinatosha. Zikung'ute barafu, uzitie moto ukishazimwa.

Mimina nyama kwenye bakuli la oveni, isawazishe kwa mgongo wa kijiko, iache ipoe nusu saa bila kufunika. Hatua hii ndiyo iliyokosekana siku viazi vilipozama. Nyama ya moto ina mchuzi mwepesi na mvuke unaopanda. Viazi vikiangukia juu yake huingia kama jiwe kwenye tope. Ikipoa kidogo mchuzi hukaza, uso hupata utando, na utando huo unabeba viazi.

Wakati nyama inapoa, pika viazi. Kwenye maduka ya huko tafuta Maris Piper au King Edward. Hivi ni viazi vya unga, vina wanga mwingi na vikiiva hupasuka pembeni. Charlotte na vile vidogo vya saladi ni viazi vya nta, vizuri kwa kachumbari ya viazi ila vikipondwa huvutika. Vimenye, vikate vipande sawasawa vya sentimita 4 hadi 5, uvitie kwenye maji baridi yenye chumvi, gramu 10 kwa kila lita. Ukivitia kwenye maji yanayochemka, nje huiva na kuanza kumomonyoka kabla ndani hakujalainika, na sehemu ile iliyomomonyoka hunywa maji. Visikatwe vidogo zaidi kwa sababu hiyohiyo. Vikianza kuchemka punguza moto, vipe dakika 15 hadi 20. Kisu kipite katikati bila kukwama, na kipande kianguke chenyewe ukikiinua kwa ncha.

Mwaga maji yote, acha viazi kwenye chujio dakika 3 vitoe mvuke, kisha virudishe kwenye sufuria tupu juu ya moto mdogo kabisa kwa dakika moja au mbili, ukitikisa. Utaona vinageuka vyeupe na vyenye unga pembeni, na chini ya sufuria panabaki utando mkavu. Hapo ndipo maji yameondoka. Ukiruka hatua hii viazi vyako vitakuwa laini na vizuri kwa kuliwa na kuku, lakini havitashika michirizi wala kubeba uzito wao juu ya nyama.

Viponde vikiwa moto sana, kwa kiponda viazi cha mkono au kwa kile kifaa cha kukamulia chenye matundu. Blenda na mashine ya visu usizitumie hata kwa sekunde 10. Wanga wa kiazi umekaa ndani ya vijifuko. Kiponda cha mkono huviachanisha vijifuko hivyo, visu huvipasua, na wanga ukimwagika nje hukamata maji na kuwa gundi. Ikishatokea hairekebishiki. Usijaribu kuiokoa kwa maziwa, unaongeza gundi tu.

Siagi iingie kwanza, ikiwa imelainika, ukoroge mpaka ipotee. Mafuta huuvika wanga kabla maziwa hayajafika. Kisha maziwa, yawe ya moto, nusu yake kwanza, uangalie, halafu yaliyobaki kadiri vinavyohitaji. Viazi vya pai huwa vizito kuliko vile vya kuliwa kwa kijiko: ukichota na mwiko na kuugeuza, vinabaki pale. Viini vya mayai viingie mwisho, baada ya dakika 2 za kupoa, ili visiive na kuwa chenga. Hivi ndivyo vinavyokaza tabaka la juu na kulipa rangi ya dhahabu. Kungumanga na pilipili manga, onja chumvi, basi.

Panga viazi kuanzia pembeni. Chota vijiko vidogovidogo ukivipanga kuzunguka ukingo, uvibane vishike kuta za bakuli, halafu ndipo ujaze katikati. Ukianza kwa kurundika katikati na kusukuma nje, unaisukuma nyama pembeni nayo inapanda ukutani, na mahali hapo pasipozibwa ndipo mchuzi hutokea. Ukishasawazisha, chora michirizi kwa uma, yenye kina cha sentimita moja. Michirizi hii ina kazi: vilele vyake hukauka na kubanikwa, huko ndiko kunakopatikana ule ukoko watoto wanaougombania. Jibini kali kama cheddar, gramu 60 iliyokwaruzwa, inaruhusiwa, ingawa wapo Waingereza watakaokukunjia uso.

Oveni iwe imefika nyuzi 200, au 180 kama ni ya feni, au namba 6 kwenye ya gesi. Oka dakika 30 hadi 35, rafu ya juu kidogo ya katikati, mpaka vilele viwe vya kahawia na mchuzi uanze kuchungulia kwa vipovu vidogo pembeni. Vipovu vichache vinene ni sawa. Ukiona unabubujika, nyama ilikuwa nyepesi. Kama ndani pana moto lakini juu bado peupe, washa grili dakika 3, usiondoke jikoni.

Ukiitoa, ipumzishe dakika 10 hadi 15 kabla ya kukata. Familia itakuwa imekaa mezani, harufu imejaa nyumba nzima, na utatamani kupakua. Subiri. Mchuzi unaotoka kwenye oveni ni mwepesi. Katika dakika hizo hukaza tena, na kipande husimama kwenye sahani badala ya kumwagika. Pakua kwa mwiko mpana, ukikata mraba mpaka chini, wala usichote kwa upawa.

Jumamosi kwa Jumapili: ndiyo, inawezekana, na hata naipendelea, kwa sababu nyama iliyolala hushika ladha vizuri zaidi. Lakini fuata utaratibu. Pika nyama, itandaze kwenye bakuli ipoe, panga viazi, na pai yote iwe imeingia kwenye friji ndani ya saa moja hadi mbili tangu kutoka jikoni, friji ikiwa nyuzi 5 au chini. Kuiacha juu ya meza usiku kucha kwa kudhani kuna baridi ni hatari, hasa kwa mama mkwe mwenye umri na kwa watoto. Usiifunike kwa foili ikiwa bado ya moto. Mvuke utatonya juu ya viazi na kazi yote ya kukausha itapotea. Jumapili itoe kwenye friji nusu saa kabla, hasa bakuli likiwa la kioo au udongo, kwa sababu la baridi likiingizwa kwenye oveni ya moto mkali linaweza kupasuka. Oka kwa nyuzi 180, au 160 ya feni, kwa dakika 50 hivi, na uongeze moto dakika 10 za mwisho kwa ajili ya rangi. Katikati pafike nyuzi 75. Kama huna kipimajoto, chomeka kisu mpaka katikati, hesabu 10, kitoe na ukigusishe kwenye kiganja: kiwe cha moto kiasi cha kukufanya uondoe mkono. Masalio yaliwe ndani ya siku mbili, na yapashwe mara moja tu.

Kwenye friza hukaa hadi miezi mitatu bila tabu, ila iyeyushe ndani ya friji usiku mzima kabla ya kuoka. Ikiokwa ikiwa barafu, viazi hukauka juu huku nyama ya katikati ikiwa bado baridi, na maji yaliyoyeyuka huchuruzika chini.

Sasa mama na Tanga. Bila oveni anaweza, na ujuzi anao tayari kama amewahi kuoka mkate au keki kwa makaa juu na chini. Viazi vizuri atavipata, maana Lushoto iko jirani, ila sokoni haviandikwi aina. Avijaribu hivi: kikombe 1 cha chumvi kwenye vikombe 11 vya maji, ikorogwe mpaka iyeyuke, atumbukize kiazi. Cha unga huzama, cha nta huelea. Nyama ya kondoo wa sokoni aghalabu ni ya mnyama aliyekomaa kuliko mwanakondoo wa Uingereza, kwa hiyo mchuzi utokote saa moja na robo badala ya dakika 40, na supu iongezwe mililita 200. Nyama ya mbuzi inafaa pia. Kwa kuwa haina mafuta mengi, aongeze vijiko 2 vya mafuta ya kupikia wakati wa kukaanga.

Achukue sufuria kubwa nzito yenye mfuniko bapa, atandaze ndani mchanga mkavu uliochekechwa, kina cha sentimita 2, na aweke pai humo ikiwa kwenye chombo cha bati au alumini. Mchanga unazuia chini kuungua. Kati ya viazi na mfuniko ibaki nafasi ya sentimita 3 au 4, la sivyo uso utaungua kabla haujabanika. Hapa nyama isipoe nusu saa. Dakika 15 zinatosha, kwa sababu moto wa makaa hauwezi kuipasha pai baridi vizuri bila kuichoma juu. Chini makaa machache, manne au matano yaliyokolea. Juu ya mfuniko ayapange mengi, tabaka zima, mengi pembeni kuliko katikati. Dakika 25 hadi 30 zitatosha, na baada ya 20 achungulie mara moja. Kabla ya kufunua apanguse majivu yote kwa ufagio mdogo, kisha aunyanyue mfuniko wima, sawasawa, bila kuuinamisha upande, ili majivu yasidondokee kwenye viazi.